Imani Iliyokaa Kaloleni

Somo: 2 Timotheo 1:3–5

Bwana asifiwe, wapendwa.

Hapa Nairobi, ukikutana na mtu mliyepoteana, salamu haijaisha vizuri ameshakuuliza, "Siku hizi unakaa wapi?" Ukimjibu Kayole au Rongai, amekwisha kujua unaamka saa ngapi na unapigana na msongamano upi. Ndiyo maana juma hili nimeshindwa kulipita neno moja la Paulo. Anamwandikia Timotheo juu ya imani isiyo na unafiki, "ambayo ilikaa kwanza katika bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike". Ilikaa. Kabla haijafika kwa kijana aliyeachiwa kanisa la Efeso, imani hiyo ilikuwa na makao, na makao yenyewe yalikuwa mwanamke mzee.

Loisi ametajwa mara hiyo moja tu katika Biblia nzima. Hatuambiwi alifanya kazi gani wala alikufa lini. Tunajua kwamba baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na kwamba kijana huyo aliyajua maandiko matakatifu tangu utoto. Basi kuna aliyekuwa akimsimulia, siku baada ya siku, na kazi hiyo haikuandikwa popote.

Juma hili tumetimiza mwaka mmoja tangu tumzike shosho wetu, yaani bibi yetu. Wasifu uliosomwa siku ile ulikuwa mzuri: alizaliwa wapi, aliolewa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Mimi nilikuwa nikingoja mtu ataje kile kisu.

Shosho aliuza mboga Kaloleni, karibu na zile nyumba za zamani zenye mapaa ya vigae. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika soko la Marikiti, na kulipokucha mzigo ulikuwa njiani kurudi kwa mkokoteni. Lakini saa zake hasa zilikuwa za jioni. Watu wanashuka kwenye matatu Jogoo Road wamechoka, hakuna anayetaka kufika nyumbani na kuanza kukata sukuma wiki, kwa hiyo wanamwachia Shosho. Anayabana majani kiganjani, kisu kinapita upesi, majani yanaanguka membamba kama nyuzi, na muda wote huo midomo yake inacheza.

Nilikuwa na miaka 12, kazi yangu kurudisha chenji. Wanafunzi wenzangu walipopita waliniambia shosho wako anaongea peke yake. Nikaona aibu, na jioni moja nikamwambia, "Shosho, watu watasema una wazimu." Hakuinua macho. "Wacha waseme, baba. Huyo mama umempa chenji yake?" Nilipompa na yule mama akaondoka, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto wake yuko wodini. Huyu anayekuja amefutwa kazi, na mke wake hajui bado. Nikikata mboga ya mtu, namtaja kwa Mungu mpaka majani yaishe."

Miaka mingi baadaye niliisoma habari ya Hana katika 1 Samweli. Alikuwa akiomba moyoni, midomo ikicheza na sauti isisikike, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Niliifunga Biblia. Nilikuwa nimejikuta humo, na sikuwa Hana.

Tumezoea kuwaita akina mama kama hawa nguzo za maombi. Sina ugomvi na jina hilo, ila nguzo husimama pale ilipowekwa, na Shosho alikuwa na miguu. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani na watu zaidi ya 200 wakauawa katika jiji letu, mama yangu alikuwa kazini mjini. Hakukuwa na simu ya mkononi ya kumuuliza yuko wapi. Shosho alifunika mboga kwa gunia, akabeba mtungi na vikombe viwili, akaenda kusimama kando ya Jogoo Road ambako watu walikuwa wakitoka mjini kwa miguu, wengine na vumbi nywelini, wengine na damu kwenye mashati ambayo haikuwa yao. Akawapa maji mmoja mmoja. Mama alimkuta pale pale mchana, akapokea kikombe kama wengine, kisha wakashikana bila kusema neno. Mama hukisimulia kisa hiki mpaka leo, na kila mara hunyamaza kidogo anapofika kwenye kikombe.

Nilipohamia nje ya mji, Shosho alinipigia kila Jumamosi jioni. "Kesho utaenda nyumba ya Mungu?" Kuna miaka nilimjibu ndiyo na sikwenda. Kuna Jumamosi niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Hilo nalitubu mbele zenu, kwa sababu yeye nimechelewa kumwomba msamaha. Na hapo ndipo maneno ya mwisho ya ule mstari yananiumiza na kuniinua kwa pamoja. Paulo hamwulizi Timotheo kama amebakiwa na chochote. Anasema, "nami nasadiki wewe nawe unayo." Ndivyo Shosho alivyokuwa akinipigia. Hakuwahi kuniuliza kama mtu anayenishuku.

Ijumaa iliyopita nilipitia Kaloleni. Shangazi ndiye anayekalia kile kigoda sasa. Mbele yangu alikuwa kijana wa bodaboda, kofia ya chuma mkononi, akingoja sukuma ya shilingi 20. Shangazi alikuwa ameinamia sinia, kisu kikipita, midomo ikicheza. Nilitaka kumsalimu, nikajizuia. Nilisimama nyuma ya yule kijana mpaka majani yakaisha.