Begi la volkano katika mji usio na volkano

Begi lilikuwa palepale nilipoliweka, sakafuni nyuma ya mlango, na lilikuwa limelowa maji. Nilifungua zipu nikaanza kutoa kimoja kimoja. Kadi zetu za mpiga kura, ambazo kwetu Kongo ndizo kitambulisho, ziliponea ndani ya plastiki. Biskuti za watoto zilikuwa uji. Tochi haikuwaka. Diploma yangu ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliyoikunja mara mbili ndani ya bahasha ya kaki, ilikuwa imegandana na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa pili, na muhuri umevuja ukawa doa la buluu. Ilikuwa Novemba 2022, mvua kubwa ya kwanza tangu tuhamie Lubumbashi.

Hilo begi lina historia. Mimi ni mtoto wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka tisa, navutwa mkono na bibi kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, huku lava ikipasua mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, anga ikawa nyekundu tena juu ya Nyiragongo, volkano yetu, na mimi mama mzima nikatoka nyumbani na vitu viwili: mtoto mgongoni, na sufuria ya maharage ambayo hadi leo sijui niliibebea nini. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, haikufika kwetu. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, na katikati ya matetemeko hayo ndipo nilipofunga begi. Tarehe 27, gavana alipoamuru mitaa kumi ihame, nilielekea mji wa Sake nikiwa nalo. Tangu siku hiyo halijawahi kukaa mbali na mlango.

Tulifika Lubumbashi mwezi wa nane 2022, kipindi cha vumbi, kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Mama mmoja jirani alikuja kutusalimia, akaliona begi, akauliza ni la safari gani. Nilipomweleza alicheka hadi akashika ukuta. "Mama, huku volkano haiko! Huku tunakufaka na njala tu."

Nami nilicheka, na kwa kweli alikuwa na haki. Lubumbashi ni uwanda, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, udongo mwekundu na vichuguu vya mchwa. Hakuna mlima unaofuka moshi, hakuna ziwa lenye gesi chini yake. Basi nikatulia. Begi nililiacha mahali pake kwa mazoea, lakini nyumba yenyewe sikuikagua hata siku moja.

Kitu ambacho mtu wa Goma hakijui ni maji kusimama. Kwetu tumejenga juu ya mawe ya volkano. Mvua inyeshe inavyotaka, itapotelea kwenye nyufa kabla hujamaliza kuanua nguo. Mto hatuna, wengi wetu hata maji ya kupikia tumeyafuata ziwani na bido, yaani madumu. Kwa hiyo kuweka begi sakafuni hakukunijia akilini kuwa ni ujinga. Huku udongo ukishashiba haumezi tena. Maji yalipita chini ya lango, yakavuka uwanja wa parsele (kiwanja cha nyumba), yakaingia kwa mlango uleule niliouhesabu kuwa njia yangu ya kukimbilia.

Nilianika makaratasi juu ya kamba kama dagaa, kisha nikaenda kuuliza. Parsele ya pili kutoka kwetu anakaa mzee aliyestaafu kazi za mgodini. Alinisikiliza, akavaa viatu, akaja. Hakutazama mlango kabisa. Alitazama juu.

"Mama, wewe ulijitayarisha kukimbia. Huku watu wanabaki, paa ndiyo inakimbia. Hayo matofali juu ya mabati, nani aliyaweka?"

Tuliyakuta. Nyumba nyingi za mtaa wetu zinayo, matofali au mawe ya kukandamiza paa. Mzee aliniuliza upepo ukinyanyua bati, tofali litatua wapi. Nikatazama chini: pale barazani ndipo ilipo cherehani yangu, na ndipo watoto wanapofanyia kazi za shule. Siku hiyohiyo tuliyashusha, kumi na manne.

Fundi aliyekuja Jumatatu alinifundisha jambo ambalo ningependa nilijue tangu utoto. Upepo wa mvua hauangushi paa kwa kuisukuma. Unaingia chini ya ukingo unaotokeza nje ya ukuta na kuipandisha, kama mtu anayefunua kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo palipo na hatari ni ukingoni na pembeni. Huko akaongeza misumari ya kofia, akiipiga kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde ambako maji hupita. Halafu akafunga miti ya paa kwa waya mnene hadi kwenye vyuma alivyovipigilia ndani ya ukuta, mistari minne chini. Fedha zilizokwenda zilikuwa za kununulia cherehani ya pili. Niliumia, sitaficha.

Mtaro ndio ulionipa taabu kuliko paa, maana paa ni langu peke yangu na maji ni ya watu wote. Nilichimba mfereji kutoka langoni hadi mtaro wa avenyi, yaani barabara ya mtaa, nikajiona nimeweza. Mvua ya pili, maji yangu yote yakaingia kwa mama yule aliyecheka begi. Alisimama langoni kwangu asubuhi na kanga iliyolowa hadi magotini, na safari hii hakucheka. "Yaani wewe umetoka Goma kuja kunizamisha mimi?" Sikuwa na jibu. Mtaro wa avenyi ulikuwa umejaa mifuko ya plastiki, chupa, na kiatu kimoja cha mtoto, na maji yakikosa njia hurudi kwa aliye chini zaidi. Nilimwomba msamaha, nikamkokea moto wa makaa, nikamsaidia kukamua magodoro.

Tukaenda pamoja kwa shefu wa avenyi kuomba salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi. Wazee wanalijua neno hilo tangu enzi za Mobutu na wengine hawalipendi, wanakumbuka kulazimishwa. Jumamosi ya kwanza tulikuja watu saba. Ya pili, baada ya mvua nyingine kuingia kwenye nyumba za upande wa pili, tulikuwa wengi kuliko majembe. Tulizibua mtaro hadi kona. Kwangu nikajenga kizingiti cha matofali mistari miwili mlangoni, na nimeweka mifuko sita ya unga niliyoijaza udongo, tayari kuziba lango.

Kisima nacho tulikiinulia mdomo kwa saruji, kwa sababu masika maji ya vyoo na ya visima hukaribiana chini ya ardhi na kipindupindu hakibishi hodi. Maji ya kunywa nachemsha, hata yakiwa meupe.

Kilichobaki ni radi. Hapa kila parsele ina mwembe, na maembe huiva mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, wakati uleule mvua zinapopamba moto. Upepo ukivuma kabla ya mvua maembe yanadondoka, na watoto wote wa avenyi wanakimbilia chini ya mti kuokota. Fikiria mwenyewe. Wengine hapa watakwambia radi hutumwa na mtu, na siku ikipiga nyumba utasikia majina ya majirani. Sibishani nao. Niliomba mwenye nyumba akate angalau matawi yanayolalia paa. Akakubali mawili, akasema mengine ni kivuli chake na biashara ya mama yake. Basi nikawafundisha wangu kuhesabu. Umeme ukimulika, anza: moja, mbili, tatu. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, kila mtu ndani, mbali na dirisha, simu zote zichomolewe kwenye umeme, na hakuna kutoka hadi nusu saa ipite bila ngurumo. Embe litakuwepo tu, labda limebonyea.

Februari 2023 ulikuja upepo wa saa kumi jioni uliogeuza mchana kuwa usiku. Nilisikia mabati ya watu yakipiga makofi. Letu lililia, likatulia. Mifuko ya udongo iliziba lango, maji yakapanda hadi mstari wa kwanza wa kizingiti yakakomea hapo. Bati moja la jikoni liliondoka, lile ambalo kwa ubahili nilimwambia fundi aliache.

Begi sasa linaning'inia kwenye msumari, usawa wa kichwa changu, makaratasi yakiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa ndani ya mwingine, na picha za kila karatasi ziko kwenye simu ya dada yangu aliyebaki Goma. Nimeongeza sabuni, chumvi na sukari, na waya uliobaki.

Diploma ilikauka ikiwa na doa lake. Mwaka jana niliipeleka ofisini kupigiwa nakala zenye muhuri. Karani aliigeuza upande huu na huu, akaniuliza nini kiliipata. Nilifikiria kumweleza mambo ya sakafu, udongo, mtaro na kiatu cha mtoto. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

"Volkano," nikamwambia.

Akanipa pole, akagonga muhuri.