Bodaboda, Rogers na wale jamaa wa baiskeli

Ukisoma kidogo kuhusu usafiri mpya unavyoingia kwenye jamii lazima ukutane na Everett Rogers, yule mwanasosholojia Mmarekani wa kitabu cha 1962 kuhusu vitu vipya vinavyoenea kwa watu. Yeye anawapanga watu foleni, asilimia 2.5 wanaojaribu kabla ya wote, halafu 13.5 ambao wenzao huwasikiliza, kundi kubwa la katikati, na mkiani 16 anaowaita wachelewaji. Sawa, ila iweke kwenye bodaboda uone. Rogers anasema wa mwanzo huwa na uwezo kuliko wenzao, kwetu sasa aliyeianza ni kijana hana hata mia, na mwenye gari ndo kaja kuita boda baadaye akikwama foleni. Halafu kwake, angalau mwanzoni, kifaa kinafika kimeshakamilika, kazi yetu ni kukubali au kukataa, basi.

Mi Trevor Pinch na Wiebe Bijker, wasomi wa jinsi jamii inavyoiunda teknolojia, ndo wamenikuna. Kwenye makala yao ya 1984 waliichambua ile baiskeli ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele, vijana wa kiume waliipenda maana inataka ujasiri, wanawake na wazee wakaiona hatari tupu, yaani chuma kimoja ila baiskeli mbili. Ikaja tairi ya upepo ya Dunlop 1888, lengo lake lilikuwa kupunguza mtikisiko, wanamichezo wakaicheka, ilipoanza kushinda mbio wakanyamaza.

Boda ndo hivyohivyo, wanaoitumia ndo wanaamua iwe kitu gani. Ilianza na baiskeli kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 60, pikipiki zikafuata. Boxer ya India ikifika mtaani inafungwa keria na vyuma vya pembeni, kesho yake inabeba magunia ya mkaa, kitanda, abiria wawili watatu (najua, sheria inasema mmoja). Kanuni za leseni Tanzania zimekuja 2010, watu washapanda kitambo.

Ila hata Pinch na Bijker suala la hela wameligusa juujuu sana. Boda imeenea kwa mkataba: tajiri ananunua, kijana anapeleka hesabu kila siku, akimaliza pikipiki inakuwa yake. Sasa kule Kigali kuna Ampersand, pikipiki za umeme, betri ikiisha dereva anabadilishiwa kituoni na safari inaendelea, raha sana, ila betri inabaki mali ya kampuni. Kwahiyo dereva akishamaliza kulipa deni la pikipiki bado kila siku anarudi kwa mwenye betri, na bei anapanga mwenye betri.