Mitungi minne na foronya sita

Jumamosi tunaondoka tena kwenda kaskazini, watu wanne na dereva wetu yule yule wa Marsabit. Tutapita Isiolo, tulale Marsabit, tukate jangwa la Chalbi hadi Kalacha na North Horr, tuteremke Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, halafu tupande Mlima Kulal. Sebuleni hapapitiki. Mama alipokuja asubuhi aliokota sweta langu la sufu juu ya kochi akaniuliza, "Mwanangu, si unakwenda jangwani? Hili la nini?"

Sisi wa Mombasa joto tumelizoea, na jangwa tunalidhania ni joto letu lililozidi kidogo. Lakini ufuo wa Turkana uko chini, kama mita 360 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kulal kinakaribia mita 2,300. Mchana unahema kando ya ziwa, jioni uko msituni ndani ya ukungu, meno yanagongana. Safari ya kwanza nilibeba kikoi na shati jepesi. Nililala nimejifunika turubai la gari. Tangu siku hiyo sweta, soksi nzito na kofia ya sufu hutangulia kuingia kwenye begi.

Vumbi la Chalbi lina chumvi na ni laini kama unga wa ngano. Linapenya zipu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na kwa kweli sikuilalamikia, maana nilipata dawa bora zaidi: foronya. Kila foronya naitia nguo za siku moja, nafunga mdomo kwa kipande cha kamba, na usiku ile ile inakuwa mto wangu. Nina sita. Ya nguo chafu ni ile ya maua, ili nisikosee gizani.

Upepo nao usiupuuze. Pale Loiyangalani unaporomoka kutoka Kulal usiku kucha, na si bure kwamba karibu na hapo imesimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo. Ardhi ni mawe meusi ya volkano, vigingi vya hema haviingii. Tunabeba magunia matupu manane; tukifika tunayajaza mawe na kuyafunga kwenye kamba za hema. Mawe hayo hayo hupasua matairi, kwa hiyo tairi za akiba ni mbili, na jeki nimeijaribu mwenyewe uani. Sepetu pia imo, kwa sababu mvua ikinyesha Chalbi hugeuka tope na gari huzama hadi ekseli.

Nimechelewa kuyataja maji, nayo ndiyo hupakiwa kwanza, chini kabisa, nyuma ya viti. Nahesabu lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Tuko watano, na sehemu ngumu ni siku tatu: lita 75. Basi mitungi minne ya lita 20, nazo tano zinazobaki ni za dharura. Maji ya ziwa usiyategemee, yana magadi.

Mwaka jana nilinunua mitungi iliyokwisha kutumika, muuzaji akaniapia kwamba ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Tulisimama katikati ya Chalbi, mazigazi yakicheza mbele yetu kama bahari, nikateleka chai. Nilipomimina, juu ya kikombe kulikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Dereva alinusa, akakiweka chini taratibu. "Dada, hii ni dizeli." Mitungi miwili ilikuwa hivyo. Tuliyagawana yaliyobaki kwa vikombe hadi Kalacha, kwenye chemchemi, na mwenzetu mmoja alikuwa ameshaanza kuumwa kichwa na kukauka midomo. Sijasahau uso wake.

Kwa hiyo sasa naosha kwa maji moto na magadi, najaza, naacha siku mbili kivulini, kisha naonja kila mtungi kabla sijala kitu. Leo asubuhi nimeonja yote minne. Mitatu iko safi. Wa nne bado una kiladha kwa mbali. Nimeumwaga, kesho nikitoka kazini napitia dukani kununua mpya.