Kumwandika Clara Schumann kwa Watoto wa Tabata

Rasimu yangu ya kwanza ya kijitabu cha watoto ilianza kwa kusema kwamba Clara Wieck, mpiga piano aliyekuja kujulikana kama Clara Schumann, alizaliwa tarehe 13 Septemba 1819 katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Niliwasomea watoto tisa wanaokuja barazani kwangu Tabata kila Jumamosi alasiri, na kabla sijamaliza ukurasa wa pili, wawili walikuwa wanachomoa ukindu wa mkeka na mmoja ameomba ruhusa ya kwenda msalani asirudi tena. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 28, kwa hiyo ninamjua mtoto mwenye haja na ninamjua mtoto aliyechoka kusikiliza. Niliyafungia makaratasi yale kabatini mwezi mzima.

Chanzo cha yote kilikuwa mjukuu wangu anayeimba kwaya ya watoto, ambaye aliniuliza kama wanaopiga kinanda ni wanaume tu, maana kanisani kwetu hajawahi kumwona mwanamke amekikalia. Nilimjibu kwamba wanawake wapo, na kwamba mmoja wao, Clara huyu, alikuwa na sifa kubwa hata sura yake ikachapwa kwenye noti ya mark 100 ya Ujerumani, kabla ya nchi ile kuhamia yuro. Akataka kitabu chake. Kwa Kiswahili sikukipata, na ahadi kwa mjukuu ni deni zito kuliko la benki.

Kilichonifungulia kabati ni kisa cha gari. Tarehe 20 Oktoba 1828, Clara akiwa na miaka 9, alitakiwa kupiga piano kwa mara ya kwanza hadharani, pamoja na mwanafunzi mwingine wa baba yake, katika ukumbi wa Gewandhaus mjini Leipzig. Aliambiwa kwamba gari la farasi litakuja kumchukua. Likaja gari limejaa wasichana waliopendeza, likaitwa jina lake, naye akapanda. Baada ya muda akaona linatoka nje ya mji. Kumbe Clara aliyekuwa akifuatwa ni mwingine, aliyekuwa anakwenda kwenye dansi. Gari lililotumwa kwa ajili yake likawakimbilia, akahamishiwa humo, akafika ukumbini machozi yanamtoka. Baba yake, Friedrich Wieck, alimpokea kwa vitu vitamu na kumwambia kwamba alisahau kumweleza jambo moja: kila anayepiga hadharani kwa mara ya kwanza hupelekwa kwanza nyumba isiyo yake. Mtoto akatulia, akaingia, akapiga.

Nilipousoma mwanzo huo mpya, kikao kilinitoka mikononi, kwa sababu kila mtoto alikuwa na daladala yake ya kusimulia. Yupo aliyetaka kushuka Segerea akajikuta Kinyerezi, na yupo aliyedai kwamba konda alimdanganya makusudi. Niliwaacha waseme mpaka wakaisha, kisha wenyewe wakadai niendelee.

Tatizo la pili lilikuwa la lugha, nalo lilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwa watoto hawa, kinanda ni kile cha umeme kinachotoa mpaka sauti ya ngoma kwa kubonyeza kitufe kimoja, na kwa wazee wa mwambao kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi kinachopakatwa. Kingekuwa kichekesho mtoto adhani Clara alikuwa na spika mbili pembeni. Niliamua kuandika "piano", lakini neno peke yake halikutosha, hivyo nikawaombea nafasi ya kuiona moja iliyomo katika ukumbi wa kanisa fulani mjini. Mzee anayeitunza alifungua kifuniko, akamwambia mtoto mmoja abonyeze kibao kimoja polepole, na wote wakaona kinyundo kilichovikwa sufi iliyoshindiliwa kikiinuka, kikigonga nyuzi na kurudi chini papo hapo. Kisha akamwambia abonyeze kwa nguvu. Hapo nikapata mahali pa kuwaeleza kwamba Bartolomeo Cristofori wa Florence alikitengeneza chombo cha namna hiyo mnamo mwaka 1700 ili kidole chenyewe ndicho kiamue ukubwa wa sauti, na kwamba jina lake refu la Kiitaliano, pianoforte, lina maana ya taratibu na kwa nguvu. Vibao vitatu vilikuwa vimekwama, kwa kuwa unyevu wa hewa yetu ya bahari huvimbisha mbao na kuzitia nyuzi kutu. Watoto waliviona hivyo kuwa ndivyo bora zaidi. Usiku uleule niliandika ukurasa wa nyundo, ambao mpaka sasa ninauona kuwa mzuri kuliko kurasa zote za kijitabu kile.

Baba yake Clara ndiye aliyenitesa. Kwa ualimu wangu nilikuwa nimempendelea bila kujitambua: nilisifu kwamba alimfundisha saa moja kwa siku, akamtaka ajizoeze saa mbili tu, na akasisitiza matembezi marefu nje ili mwili usichoke. Nilisifu pia kwamba mtoto ambaye hakusema mpaka alipopita miaka minne, hata watu wakadhani ni kiziwi, alifunguka kwa muziki. Nilipofika kwenye shajara, mambo yakageuka. Wieck alianzisha shajara ya binti yake na kuiandika yeye mwenyewe, akitumia "mimi" kana kwamba ni Clara anayesema. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, alisema, "Sasa mwalimu, yeye Clara alisema wapi?" Mwingine akauliza nani aliyekuwa anashika fedha za matamasha. Alikuwa ni baba. Niliifuta sura nzima na kuiandika upya, nikimweka Wieck kama alivyokuwa, mwalimu hodari na mzazi asiyejua kuachia, mpaka pale alipokataa binti yake asiolewe na Robert Schumann, mtunzi wa muziki aliyekuwa mwanafunzi wa Wieck mwenyewe, na shauri likafika mahakamani. Waliruhusiwa, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla ya Clara kutimiza miaka 21.

Ingekuwa rahisi kuishia harusini, na kwa kweli hapo ndipo wasimulizi wengi huchoka. Lakini Clara aliishi mpaka mwaka 1896, akazaa watoto wanane, na bado alizunguka Ulaya akipiga piano. Robert aliugua, akapelekwa hospitali ya Endenich mwaka 1854, akafia huko mwaka 1856. Niliandika kwanza kwamba "alipata kichaa". Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alilikata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "ugonjwa wa akili", nami sikubishana naye. Habari ya mtoni, ambako mgonjwa alijitupa kabla ya kupelekwa hospitali, niliiacha. Mtoto wa miaka 10 ataikuta akikua.

Swali nililoliogopa lilikuwa nani aliyelea watoto mama akisafiri. Nilieleza kwamba walitawanywa, wengine kwa ndugu na wengine kwenye shule za bweni, nikangoja walaumu. Mvulana mmoja akasema tu, "Kama mama akienda China kufuata mzigo, sisi tunakaa kwa bibi," na mazungumzo yakaendelea. Kwa ajili yake niliongeza ukurasa wa Mei 1849, vita vilipozuka mitaani Dresden, mji wa Ujerumani walikokuwa wakiishi: Clara, akiwa na mimba kubwa, alirudi usiku mjini akawatoa watoto wake waliokuwa wamebaki nyumbani.

Kuhusu uchapaji sina mengi. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne ili karatasi zikunjwe na kupigwa pini, nami nikabana maneno mpaka zikawa 32. Nikachapa nakala 200 Kariakoo kwa fedha za kiinua mgongo. Kosa lilikuwa langu. Mchoraji alichora piano yenye kibao cheusi baada ya kila kibao cheupe, mstari mzima, nami nikaweka saini bila kuhesabu. Aliyeliona ni mvulana wa mama wa China, ambaye hujifunza kinanda kanisani: vyeusi hukaa viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena, na bila nafasi zile mpigaji hawezi kujua kidole chake kiko wapi.

Tulichora picha nyingine, nikaichapa kwenye karatasi ya gundi, na Jumapili mbili mfululizo tukakaa barazani tukiibandika juu ya ile ya zamani. Mvulana alikataa kushika gundi. Alikaa mwisho wa mkeka, kila nakala ikapita kwake kabla ya kuingia kwenye boksi, na kila mara alipitisha kidole juu ya picha akinong'ona: mbili, tatu, mbili, tatu.