Nimemaliza Adolescence na usingizi umekata

Jamani, nimeizima sasa hivi na hata sielewi nianzie wapi.

Kwa ambao hamjaiona: ni tamthilia ya Uingereza, ilitoka Netflix Machi 2025, sehemu 4 tu. Jamie, mtoto wa miaka 13, anakamatwa kwa mauaji ya msichana wa shuleni kwao. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi kabisa. Nilidhani ni mbwembwe za muongozaji. Kumbe inakunyima pa kupumulia.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonimaliza.

Chumba, meza, mtoto na mwanasaikolojia. Basi! Mara anatania, mara anafoka, mara anataka aambiwe kama anapendwa.

Akishatolewa nje, yule dada mwanasaikolojia anabaki peke yake na ile sandwichi aliyomletea, Jamie kaimega kidogo tu.

Inamshinda hata kuishika.

Nimerudisha nyuma nikaitazama tena hapo. Hakuna neno linalosemwa, lakini hofu yote ya saa nzima imo kwenye huo mkono.

Na huyo Owen Cooper aliyeigiza Jamie, hapo ndiyo mara yake ya kwanza kuigiza kwenye skrini! Tuzo ya Emmy ya 2025 akiwa na miaka 15, halali yake.

Sehemu ya pili, ya shuleni, imenichosha kidogo (nipigeni mawe).

Walioiona, baba yake Jamie mlimwonaje? Mimi namhurumia, mwenzangu hapa hataki hata kusikia. Njooni mtuamue.

Na mnitajie nyingine ya kuangalia, ila safari hii iwe ya kuchekesha tafadhali.