Kata ya maji kisiwani Lonna

Jioni, mwezi wa Agosti.

Hapa joto halimo kwenye kipimajoto, limo kwenye kata, upawa wa kuchotea maji. Sauna, yaani chumba cha kuogea kwa joto na mvuke, ya Lonna, kisiwa kidogo mwendo mfupi wa boti kutoka Kauppatori, soko la bandarini Helsinki, Ufini, ilifunguliwa 2017 na hupashwa moto kwa kuni. Wanaume wana chumba chao, wanawake chao. Ndani watu hukaa uchi. Nje, kwenye baraza ya mbao, taulo au nguo ya kuogelea.

Oga kwanza. Vua cheni, pete na saa, maana kwenye nyuzi 80 chuma huunguza ngozi. Kalia kitambaa chako. Usiogope benchi la juu: mvuke hupanda, na anayekaa chini kabisa hubaki na miguu baridi huku kichwa kikichemka, kisha analaumu jiko.

Waulize wenzako kabla ya kumwaga maji, halafu nusu kata tu, polepole, juu ya mawe ya moto yaliyopangwa jikoni. Mawe yakiwa yameiva, maji hutoweka kwa mguno mzito. Yakichuruzika hadi chini, moto bado. Kumimina kata tatu mfululizo ni kuyapoza mawe na kuwakera watu. Sekunde mbili za kimya, kisha mvuke unashuka kutoka darini. Masikio ndiyo hupata habari kwanza. Wafini huuita löyly, neno la kale lililokuwa na maana ya roho, na ndugu yake wa Kihangari, lélek, bado lina maana hiyo. Anayefikiria nyungu ya mafua amekosea kidogo: hapa hakuna mgonjwa wala blanketi.

Usichote maji ya bahari kumwagia mawe. Bahari ya Baltiki ya hapa ina chumvi kidogo, kama gramu 5 au 6 kwa lita dhidi ya 35 za bahari kuu, lakini inatosha kula chuma cha jiko.

Kuingia baharini, shuka taratibu, usiruke: mawe yenye mwani yanateleza, na baridi ya ghafla hukufanya uvute pumzi kwa nguvu, mdomo ukiwa majini. Toa pumzi ndefu unapozama hadi mabegani. Nusu dakika inatosha.

Halafu kaa nje, mwili ukifuka kama chungu kilichoepuliwa. Usivae haraka. Jasho huendelea hata baada ya joto kuisha, na ukipanda boti na shati lililolowa, upepo wa baharini hautakuonea huruma.