Upepo Unaokuja

Juzi nimepita Matondoni, Lamu, nikakuta wanapaka jahazi sifa, yale mafuta ya papa. Harufu ile ilinisimamisha, nikamkumbuka Ami na usiku wa darini kule Mkomani.

Wakati huo nilifanya kazi maabara. Nilikuwa likizo, nimeazima darubini ndogo, na kichwani nina kazi niliyoiacha njiani: kuunganisha vifaa vya kunyoosha mwanga wa nyota. Kioo chembamba kinachosukumwa kwa nyuma hadi kijikunje, kamera ya kupima mwanga umepinda vipi, na kompyuta katikati. Kila kimoja kilipimwa peke yake kikafaulu. Tulipoviunganisha, picha ikatikisika kuliko mwanzo.

Ami akainamia darubini, akaitazama Zuhali kwa muda.

"Mbona inachemka?"

Nikamwonyesha kuta za mawe, bado zikitoa joto la mchana. Hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika, mwanga hupinda. Ndiyo maana darubini kubwa hupelekwa milimani, na huko nako haitoshi. Mwanafalaki Horace Babcock alipendekeza dawa ya kupinda huko mwaka 1953, lakini zana zilichelewa mno. Siku hizi kule Paranal, Chile, darubini moja yenye kioo cha mita 8.2 ina kioo cha pili, kilichofungwa 2016, chenye unene wa milimita 2 hivi na visukumizi 1,170 nyuma yake. Huweza kubadili umbo mara elfu moja kwa sekunde. Chetu kilikuwa kitoto mbele ya hicho.

Ami hakushangazwa na kioo. Aliuliza jambo moja tu.

"Tangu kamera ione mpaka kioo kijikunje, hupita muda gani?"

"Mdogo sana, Ami. Sehemu chache za elfu za sekunde."

"Na hewa hukungojeni?"

Nikanyamaza. Akanyoosha mkono kana kwamba ameshika msukani. "Mimi nikimwambia mtu wa demani, ile kamba ya tanga, alegeze, simwambii kwa upepo uliopo. Huo ushapita. Namwambia kwa unaokuja."

"Unaujuaje?"

"Hutazami maji?" Akaitisha chai.

Niliporudi kazini tulipima ucheleweshaji, waya kwa waya. Kamera ilichukua muda mrefu kutoa picha kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi zake, kwa hiyo kioo kilisahihisha hewa iliyokwishapita, kikizidisha kosa badala ya kulipunguza. Tukapunguza nguvu ya kila sahihisho, mfumo ukatulia. Sidai kwamba Ami ndiye aliyetufumbulia. Pengine tungefika wenyewe. Wapo pia wanaoandika programu za kubashiri hewa inavyopita juu ya darubini. Sisi hatukuthubutu.

Nikampigia simu kumweleza, kwa fahari kidogo.

"Ehe," akasema, "kwa hiyo mmeshusha tanga kubwa, mkapandisha dogo."

"Ndiyo, Ami."

"Haya. Mtafika, lakini usiku."